Chuchu Nne za Dima

Salaam aleikum, Tume binti yangu.

Umeikuta barua hii ndani ya kile kimfuko cha pampu yako ya kifua. Nimeiweka humo makusudi. Unaweza kusahau viatu, unaweza kumsahau hata mdogo wako Halkano, lakini pampu huisahau, na kila jioni lazima ufungue kimfuko uone kama dawa bado ipo. Barua nzuri huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Yako naijua. Nimekusikiliza ukipumua kwa miaka kumi na minane, na kuta za nyumba yetu hii ya Kiwanjani ni nyembamba.

Sasa hivi ni baada ya sala ya alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga shangazi yako, na ninajua hamtarudi kabla ya magharibi, kwa sababu shangazi yako hamwachi mtu atoke kwake kabla hajanywa chai mara mbili na kusikia habari za miguu yake. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa uani kwenye kiti cha plastiki, daftari la Halkano juu ya goti, na kuku wamenizunguka wakidhani nimewaletea kitu. Ninaandika Kiswahili kwa sababu Kiborana nilifundishwa kukisema tu, sikufundishwa kukiandika. Kiswahili changu cha darasa la saba unakijua. Ukikuta kosa, cheka kidogo halafu uendelee.

Mambo ya safari mama yako amekwisha kuyasema yote, na mengine ameyasema mara tatu. Sweta, vitabu, watu wa kukaa nao, watu wa kukaa mbali nao. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na ni jambo baya, na nimelikalia miaka mingi mno.

Utauliza kwa nini sikukuita tukae nikuambie kwa mdomo. Binti yangu, mimi ni dalali wa mifugo. Mdomo huu umewahi kumuuzia mtu ng'ombe anayechechemea, na huyo mtu akaondoka akinishukuru. Siuamini. Nikianza kukueleza hili kwa mdomo, katikati ya maneno nitakuta nimekwisha kujipendezesha, na wewe utakuwa umekwisha kunionea huruma. Kalamu yangu ni nzito, haijui ujanja. Acha iseme yenyewe.

Unaijua hadithi ya ndama wa Dima. Nani asiyeijua? Tulikuwa bado Kulamawe. Kiangazi kikaja kikali, ng'ombe wakafa mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki Dima peke yake, yule mwekundu, wa ukoo wa ng'ombe wa babu yako. Dima akazaa ndama jike katikati ya njaa ile. Watu wakasema huyo hamalizi wiki. Baba yako akamlaza karibu na kitanda chake, akamkinga na fisi, akatembea kutwa nzima kumtafutia mama yake majani. Na mvua iliponyesha, ndama mmoja tu alikuwa bado amesimama upande wetu wote wa Kulamawe, naye alikuwa ndama wa Dima. Kutoka kwake tukapata mifugo yote tuliyo nayo. Nikifika hapo wazee hutingisha vichwa, wanasema, "Guyo, wewe ni mwanamume."

Hadithi hiyo nimeisimulia sokoni, nimeisimulia harusini, nimeisimulia hata matangani ambako hakuna aliyeniuliza. Haina neno la uongo hata moja. Nafikiri ndiyo sababu imedumu.

Halafu siku ya wazazi shuleni kwenu, ulipokuwa kidato cha nne, mwalimu akawasimamisha mseme mnataka kusomea nini. Wenzako wakasema udaktari, wakasema sheria. Wewe ukasema mifugo. Ukasema, "Kwa sababu baba yangu aliokoa ndama mmoja, na huyo ndama akaokoa nyumba yetu." Katikati ya maneno hayo ulisimama kuvuta pumzi, kama unavyofanya, bega moja likipanda, halafu ukamaliza. Watu wakapiga makofi. Mama yako naye alipiga mara mbili hivi, kisha akaanza kutengeneza mtandio wake ambao haukuwa na shida yoyote. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho unakwenda chuo cha mifugo kwa sababu ya hadithi ile. Na katika hadithi ile kuna mtu mmoja niliyemwacha nje kila mara nilipoisimulia. Mtu huyo ni wewe. Kiangazi kile kilipofikia mahali pabaya, ulikuwa mtoto wa miezi sita.

Wewe hukukulia bomani, kwa hiyo nikueleze jambo ambalo mwenzako wa Kulamawe angelijua bila kuambiwa. Ng'ombe ana chuchu nne. Kwetu mbili ni za ndama na mbili ni za nyumba. Ndama hutangulia, ananyonya kidogo mpaka maziwa yashuke, halafu anavutwa pembeni na mama wa nyumba anakamua fungu lake. Kiangazi kikiwa kikali, mnabishana: ndama aongezewe moja, au nyumba iongezewe? Lakini neno la mwisho ni la mwanamke. Ng'ombe ni wa mwanamume, maziwa ni ya mwanamke. Mwanamume anayechungulia vibuyu vya mke wake huchekwa mpaka anahama.

Mwaka ule mama yako alikuwa ameugua homa ya matumbo. Alilala wiki nyingi, na alipoinuka maziwa yake yalikuwa yamekauka, hayakurudi. Mbuzi wetu nao walikuwa wamekauka. Kwa hiyo kilichobaki cha kukunywesha ni fungu la nyumba kutoka kwa Dima, kikombe kimoja asubuhi, na jioni chini ya hapo.

Mimi nikasema chuchu zote nne ziwe za ndama.

"Na hii mtoto?" mama yako akauliza.

"Mtoto iko na unga ya msaada. Iko na chai. Ndama haiwezi kunywa uji."

"Aba Tume, hata baba yako alikuwa anaacha mbili."

"Baba yangu hakuona kiangazi kama hii."

Nilikuwa na sababu, na nataka uzisikie, kwa sababu huko chuoni utakutana nazo na utaona zina akili. Ng'ombe wetu hashushi maziwa bila ndama wake. Ndama akifa, mama hukauka, na nyumba inakosa vyote viwili. Tena nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba ndama akikosa maziwa miezi yake ya kwanza hawi ng'ombe kamili tena. Ataishi. Atakula, atanenepa mvua ikija. Lakini mfupa aliokosa wakati ule haurudi, na ugonjwa wowote ukipita bomani utaanzia kwake. Hilo nilifundishwa na baba yangu kabla sijajua kuhesabu. Nilimtazama ndama wa Dima nikaona miezi yake ya kwanza ikipita, nikasema sitaiacha ipite bure.

Wewe pia ulikuwa kwenye miezi yako ya kwanza, Tume. Ulikuwa umelala hatua tatu kutoka kwake.

Sijui jinsi ya kukueleza kwamba sikuona. Sikuwa mtu mkatili. Nilikupenda, nilikuwa nakubeba mpaka wazee wenzangu wananitania kwamba nimegeuka yaya. Lakini yale niliyoyajua juu ya ndama niliyaacha nje na ndama, hayakuvuka mlango kuingia ndani kwa mtoto. Kwa mtoto nilijua kitu kimoja tu, kwamba mtoto ni wa Mungu, akipewa chai na uji ataendelea. Chai yenyewe ya rangi, na sukari siku ikipatikana.

Siku moja gari la kliniki lilikuja, wakatundika mizani kwenye nguzo ya shule. Mama yako akakupeleka, akarudi na kile kijitabu chako cha uzito akiwa amekishika mbele kama sahani ya moto. Akaniambia, "Sista amesema hii mtoto haijaongeza kitu tangu mara ya mwisho. Mstari umelala." Nikakuchukua mikononi, nikakupima kama ninavyopima mwana-mbuzi, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya nyonga. Mkono wangu huu ulikuwa na sifa. Watu walikuwa wakiweka dau kwamba nitakosea, na wanashindwa. Nikasema, "Huyu ni yule yule. Mkono yangu haikosei." Na kweli haukukosea. Ulikuwa yule yule, na hilo ndilo sista alilokuwa analisema.

Nikasema pia kwamba wewe ni mtoto mtulivu. Nilijisifu kwa majirani. Watoto wao walikuwa wanalia usiku na mchana, na wewe ulikuwa hapo, kimya, macho makubwa yakitazama tu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba mtoto mchanga akiacha kulia kwa njaa, si utulivu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Asubuhi moja niliamka mapema kuliko kawaida, nikatoka, nikamkuta mama yako amechuchumaa ubavuni mwa Dima, wewe ukiwa mgongoni mwake, anakamua ndani ya kikombe cha bati. Alikuwa anakamua upande mmoja tu, chuchu moja, kwa kujificha, katika nyumba yake mwenyewe, maziwa ambayo kwa mila yalikuwa yake. Aliponiona hakukimbia. Akasema, "Moja tu, Aba Tume. Moja tu kwa hii mtoto."

Nilikichukua kile kikombe mkononi mwake. Nikayamimina maziwa kwenye chupa tuliyokuwa tunanyweshea wana-mbuzi wanyonge, nikaenda nikamshika ndama kidevu, nikamnywesha yote. Mama yako alisimama pale pale. Wewe ulikuwa unanitazama juu ya bega lake, na hukulia.

Nimeandika. Sikujua kama mkono utakubali.

Ningeweza kusema nilikuwa nayaokoa maziwa ya nyumba kwa kumwokoa ndama. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na nusu yake ni kweli. Lakini kwa ndama kuishi tu, chuchu tatu zingetosha. Labda hata mbili, kama alivyofanya baba yangu. Mimi sikutaka aishi tu. Watu walikuwa wameanza kupita bomani kumtazama. Mtu anatoka mbali, ng'ombe wake wote wamekufa, anasimama anamtazama ndama wangu aliyenona na anasema mashallah. Niliipenda ile mashallah. Nilikuwa nimepoteza kila kitu kinachomfanya mtu aitwe mtu kwetu, na ndama yule alikuwa ananirudishia jina. Hiyo ndiyo chuchu ya nne, Tume. Hiyo haikuwa ya ndama, ilikuwa yangu.

Iliendelea hivyo miezi mitano hivi, mpaka mvua. Majani yakaota, Dima akajaa maziwa, na mama yako akakunywesha mpaka ukawa unacheua. Ulinenepa. Nilisema, mnaona? Mtoto ni wa Mungu. Kabla hujafika miaka mitano ulikuwa umelazwa mara tatu kwa nimonia, na bado nilikuwa nasema ni upepo wa Kulamawe. Tulipohamia mjini nikasema ni vumbi la Isiolo. Halkano alipozaliwa kwenye mwaka wa majani, akakua kama mwanzi, akakupita kichwa kizima kabla hajabaleghe, nikasema amewafuata wajomba zake.

Mama yako hakuwahi kumwita yule ndama kwa jina. Hata alipokuwa ng'ombe mzee, amezaa mara nyingi, mama yako alisema "ndama yako". "Ndama yako imeingia kwa shamba ya watu." Mlikuwa mnacheka, mkidhani ni utani wa wazee wenu.

Siku niliyoona kwa macho yangu ulikuwa na miaka kumi. Ilikuwa siku ya soko, na kulikuwa na mama mmoja kutoka Meru, anafuga ng'ombe wa maziwa, anatafuta mtamba. Alikuwa amempenda mmoja kwa sababu ya rangi.

"Mzee, huyu nikimpatia chakula mzuri si atakua?"

Siku hiyo nilikuwa na roho safi, sikutaka kumdanganya. Nikaweka mkono kwenye bega la yule mtamba, nikamwambia, "Mama, huyu alinyimwa maziwa akiwa mdogo. Angalia hii mfupa. Utamlisha, atanona, ngozi itang'aa, lakini urefu haitarudi. Na baridi ikikuja, huyu ndio ya kwanza kukohoa."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikageuka. Ulikuwa umeniletea chai kwenye chupa, umesimama juani na sare yako ya shule, kola imekuwa pana kwa shingo, bega moja limepanda. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya mfupa wa mtamba. Yule mama akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua. Chai ile nilikunywa yote mbele yako kwa sababu ulikuwa umeibeba mbali, lakini sikuonja kitu.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja wajukuu.

Basi ungedhani jioni hiyo ningekwenda nyumbani nikamwomba mama yako msamaha, nikakuita, nikasema. Sikusema. Nilinunua maini. Nikaanza kununua maini na mayai kila wiki, ukala, ukanenepa kidogo, ngozi ikang'aa. Mama yako alinitazama nikikukatia nyama vipande vidogo.

Miaka miwili baadaye ukalazwa hapa mjini, ulipokuwa darasa la sita. Siku hiyo unaikumbuka, lakini unakumbuka upande wako. Daktari kijana, mpole, aliomba kile kijitabu cha kliniki. Mama yako alikuwa amekitunza ndani ya karatasi ya plastiki miaka yote ile. Daktari akakifungua, akafuata mstari kwa kidole, akafika mahali akasimama. Akasema, "Hapa, kutoka mwezi wa sita mpaka karibu mwaka, mtoto hakukua. Mapafu nayo hukua sana wakati huo huo, pamoja na mwili. Mtoto aliyekosa chakula wakati huo hushikwa na magonjwa upesi, na kila nimonia inaacha kovu lake." Nikamuuliza kama ndiyo sababu. Akasema hawezi kuapa. Akasema wako watoto waliopita kiangazi kile na wakawa wazima, na wako waliokunywa maziwa yao yote na bado wana pumu. "Lakini mzee," akasema, "hii haikumsaidia."

Mimi pia siwezi kuapa. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwamba sitajua kamwe ni kiasi gani cha kifua chako nilikichukua mimi na kiasi gani kilikuwa cha Mungu. Ningejua, ningebeba fungu langu na kuliweka chini siku moja. Sasa ninabeba lote.

Daktari alipotoka ulimgeukia mama yako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na mirija ya hewa puani. Ukamwambia, "Ayo, kwani ulikuwa hunipi chakula?"

Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika pakiti ya maziwa. Ya maziwa, Tume. Mama yako aliinua macho. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, akaningoja, na kila mtu katika wodi ile angeweza kuona kwamba ananingoja, isipokuwa wewe. Nikasema, "Kilikuwa kiangazi." Nikaweka pakiti mezani, nikatoka nje.

Ile nayo haikuwa uongo. Nina kipaji cha maneno ambayo si uongo.

Kuanzia siku ile ulibadilika kwa mama yako. Sisemi ulimkosea adabu, hapana. Lakini nimeona. Ukiumwa unaniita mimi kwanza. Ukipata matokeo mazuri unaniletea mimi karatasi. Akikuwekea chakula unasema, "Sasa ndio unanipa," unacheka, na yeye anacheka, halafu anakwenda kuosha sufuria iliyo safi. Mimi nimeila ile heshima yako miaka sita, nikijua ni ya nani. Niliiba maziwa yake, halafu nikaiba na mtoto.

Nje ya wodi siku ile nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Mimi sisemi. Hiyo ni mdomo yako." Hakurudia tena mpaka wiki iliyopita, alipokuwa anakunja nguo zako. Akasema bila kuinua macho, "Mwalimu yake ya kwanza huko ataanza na mambo ya ndama. Maziwa ya mwezi ya kwanza. Huyu msichana si mjinga. Utangoja mwalimu imwambie?"

Nikamwona mwalimu akiandika ubaoni, na wewe umekaa pale na daftari, unaandika upesi kama unavyoandika, halafu kalamu inasimama. Ungehesabu. Ndama wa Dima alizaliwa mwaka gani, na wewe ulikuwa na miezi mingapi? Ungelijua peke yako, kwenye baridi ya milimani, kifua kimebana, na nyumbani ni mbali. Nikasema hapana, angalau hilo nimwokoe.

Sina nasaha nyingi. Mtu aliyefanya niliyoyafanya akianza kutoa nasaha, hata kuku hawa watanicheka. Lakini moja ninayo, na niliinunua ghali. Utakuwa mtu wa mifugo. Utatumwa kwenye maboma, Kulamawe, Rapsu, kwingine. Siku moja utafika kwa mtu wakati wa kiangazi na utaona ndama wake amenona, anang'aa, na mwenyewe amesimama kando anangoja umwambie mashallah. Mwambie, ni haki yake. Halafu omba maji ya kunywa, uingie ndani, umtazame mtoto wa nyumba. Kama yupo mtoto mdogo aliyetulia sana, muulize mama yake kuna chuchu ngapi. Muulize mama, usimuulize baba. Baba atakupa hadithi.

Na kuhusu hadithi, jihadhari na ile inayokupatia makofi kila unapoisimulia. Mimi yangu iliniziba masikio miaka kumi, na mdomo miaka mingine minane. Usiache mifugo kwa sababu yangu. Mkono unao, macho unayo, ng'ombe wanakusikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Lakini kama ulikuwa unakwenda kwa ajili ya baba aliyeokoa ndama, kaa chini kwanza, utafute sababu nyingine iliyo yako. Ukiikosa, rudi nyumbani, na hakuna atakayekuuliza neno, nitahakikisha.

Jua limefika kwenye mabati ya jirani. Karibu mtarudi.

Msamaha wako siuombi leo. Ukiombwa usiku wa kuamkia safari utautoa upesi, kama mtu anayefunga mzigo, na mimi nitaupokea upesi, na tutakuwa tumedanganyana tena. Ukae na hili. Ukasirike hata miaka, ukitaka. Nikikupigia simu usiposhika, nitaelewa, na nitapiga tena Ijumaa inayofuata.

Ninaomba kitu kimoja tu. Kesho asubuhi pale kituo cha magari, desturi yetu unaijua: binti anayesafiri huanza kwa baba, anainamisha kichwa, anabarikiwa, ndipo anakwenda kwa mama. Watu wa mtaa watakuwepo, wazee watakuwepo, na mimi nitakuwa nimesimama mbele na kofia yangu, kama kawaida. Ukija kwangu kwanza nitajua bado hujafungua kimfuko, na nitakubariki. Lakini kama umesoma, Tume, nipite. Nipite mbele za watu wote, wanishangae, waulize nimefanya nini. Nenda moja kwa moja kwa mama yako, uinamishe kichwa chako kwake.

Mimi nitashika pampu yako mpaka umalize.

Baba yako,
Guyo